Daktari bingwa wa mapafu si lazima awe ndiye atakayekufaa: ninyi wa kwenu mlimpataje?

#1 Pumzi Fupi
Salaam kwenu wote. Ninaishi na COPD, yaani ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, na katika kuhudhuria kliniki nimepita mikononi mwa madaktari wa kila aina: bingwa wa mapafu mwenye vyeti ukuta mzima, daktari wa magonjwa ya ndani, na sasa daktari wa kawaida asiye na ubingwa wowote, ambaye ndiye pekee anayejua kwamba siku hizi ninapumzika katikati ya ngazi. Hoja yangu ni hii, na anayeipinga aipinge kwa hoja: kwa ugonjwa usiopona, ubingwa si kigezo cha kwanza. Kigezo cha kwanza ni daktari anayekuuliza ni jambo gani umeshindwa kulifanya tangu mlipoonana, kisha akalikumbuka jibu lako utakaporudi. Bingwa wangu alikuwa akiisoma karatasi ya kipimo cha kupuliza, anaandika dawa zilezile na kusema "endelea", huku mkono wake mwingine ukilivuta faili linalofuata. Mliobahatika kupata daktari wa kusimama nanyi, mlimpataje, na mlimtambua kwa dalili gani?

#2 Kifua Mbele
Ndugu Pumzi Fupi, nakupinga mapema kabla uzi haujakolea. Mimi nilikuwa na daktari wa aina hiyo unayemsifu. Alinijua kwa jina, aliwaulizia watoto, alinisikiliza hadi mwisho, na kwa upole huohuo akanitibu kwa muda mrefu pumu ambayo sikuwa nayo. Makohozi ya kila asubuhi, mazito na ya rangi ya kijani, aliyaita mafua ya kifua. Aliandika antibiotiki, nikapata nafuu, yakarudi. Bingwa niliyepelekwa kwake baadaye hakunitazama usoni kwa zaidi ya dakika moja, lakini aliagiza picha ya CT, na picha ikaonyesha bronkiektasia, yaani mirija ya hewa iliyotanuka isiweze kurudi katika hali yake, ikawa inayatuamisha makohozi ndani. Baada ya hapo nilifundishwa kuyatoa makohozi kila siku kwa mkao maalumu na kwa kupumua kwa mpangilio, yakapelekwa maabara ili ijulikane ni bakteria gani, na zile homa za mara kwa mara zikapungua. Kati ya anayenipenda asijue ninachougua, na anayekijua bila kunipenda, mimi namchukua wa pili.

#3 Mama Wawili
Mimi si mgonjwa, ninamuuguza mama yangu. Aliugua kifua kikuu miaka mingi iliyopita, akamaliza dawa, akapona, lakini mapafu yalibaki na makovu. Tangu hapo, kila akipelekwa kwa daktari mgeni akiwa anakohoa au amekosa pumzi, mambo yanaanza upya: picha ya kifua inaonyesha makovu, makohozi hayaonyeshi vijidudu, na hata hivyo yupo aliyetaka kumrudisha kwenye dozi nzima ya kifua kikuu kwa tahadhari tu. Nilichokitafuta mimi hakikuwa ubingwa wala upole, bali daktari atakayekubali kwamba mtu anaweza kupona kifua kikuu akabaki na ugonjwa sugu wa mapafu. Tulimpata kwa kuwaulizia wagonjwa wenzake kwenye benchi la kusubiri. Pale benchini watu husema kweli tupu.

#4 Nesi Mstaafu
Nimewasoma wote watatu, na naona mnabishana kuhusu daktari mkiwa mmesahau kitu kilichomo mifukoni mwenu. Nimefanya kazi kliniki ya kifua hadi nikastaafu. Mgonjwa aliporudi akisema dawa haimsaidii, nilikuwa namwomba aitumie inhela yake mbele yangu. Anaiweka mdomoni, anaiminya, na ukungu mweupe unatokea pembeni mwa midomo na mwingine puani. Ndipo anakumbuka kuvuta hewa, anaitoa papo hapo, ananiambia "tayari". Dawa imeishia kwenye mashavu na ulimi. Inhela ya kuminya inataka uitikise, utoe hewa kwanza, uanze kuvuta polepole, uminye mwanzoni mwa huko kuvuta, uendelee mpaka kifua kijae, kisha uzuie pumzi hadi sekunde 10 kama unaweza. Ile ya unga inataka kinyume chake: uvute kwa nguvu na kwa haraka tangu mwanzo, kwa sababu ni pumzi yako ndiyo inayoutawanya unga. Mwenye zote mbili huzichanganya, na wala si kosa lake, maana alipewa aina mbili siku moja na maelezo ya aina moja. Kama kuna steroidi ndani yake, suuza mdomo na uteme maji, la sivyo utapata utando mweupe wa fangasi.

Mwaka 2016 ulitoka uchambuzi mkubwa uliokusanya tafiti za miaka kama 40, ukakuta kwamba ni takriban theluthi moja tu ya watumiaji wanaoitumia inhela kwa usahihi, na kwamba hali haikuwa imeboreka katika kipindi chote hicho. Kwa hiyo kipimo changu cha daktari ni chepesi: je, amewahi kukuambia "itoe inhela yako, nionyeshe unavyoitumia"? Anayeongeza dozi au kubadilisha dawa bila kuliuliza hilo, awe bingwa au asiwe, awe mpole au mkali, huyo hajaanza kukutibu.

#5 Kifua Mbele
Shikamoo, mama Nesi. Umetufanya watu wazima tukasimame mbele ya vioo na inhela mkononi. Mimi nimeuona huo ukungu wa pembeni sasa hivi, na sitasema zaidi.

#6 Msomaji wa Usiku
Nadhani mnawaonea madaktari. Tatizo ni muda. Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni hawezi kumuuliza kila mtu habari za ngazi, wala kumwangalia akivuta dawa. Nilisoma kuhusu utafiti wa hivi karibuni uliopima mazungumzo ya madaktari na wagonjwa, ukakuta kwamba mgonjwa hukatizwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Mpe daktari huyohuyo nusu saa kwa kila mgonjwa, mtashangaa upole umetoka wapi.

#7 Hesabu Kamili
Msomaji wa Usiku, naomba kusahihisha. Utafiti wa sekunde 18 si wa hivi karibuni. Ni wa Beckman na Frankel, Marekani, uliochapishwa mwaka 1984. Uliotoka mwaka 2018 ulikuta hali mbaya zaidi: katika mazungumzo ambamo daktari aliuliza kilichomleta mgonjwa, aliyekatizwa alikatizwa baada ya sekunde kama 11. Lakini hoja ya muda inapata shida mbele ya utafiti wa Uswisi wa mwaka 2002, ambamo madaktari walielekezwa wanyamaze mpaka mgonjwa amalize mwenyewe. Wastani ulikuwa sekunde 92, na karibu wanne katika kila watano walimaliza ndani ya dakika mbili. Ikiwa mgonjwa hahitaji hata dakika mbili kusema yaliyomleta, basi foleni haiwezi kuwa maelezo yote.

#8 Msomaji wa Usiku
Dakika mbili za kusikiliza, sawa. Kupima, kuandika, kueleza dawa na kujaza fomu za rufaa kunahitaji dakika zake, nazo hamkuzihesabu huko Uswisi.

#9 Mvutaji Mstaafu
Hakuna aliyeligusa suala la lawama, nami naona ndilo mzizi. Nilipokwenda mara ya kwanza na pumzi zangu zilizokatika, swali la kwanza lilikuwa nilivuta sigara ngapi kwa siku, la pili lilikuwa kwa miaka mingapi, na swali la tatu halikuwapo. Kuanzia hapo kila dalili yangu ilikuwa na jibu moja. Mguu ukivimba ni sigara, nikikosa usingizi ni sigara. Nikaanza kuficha mambo, na daktari unayemficha mambo hata angekuwa malaika hawezi kukusaidia. Huyu niliye naye sasa aliuliza maswali hayohayo mawili, akaniambia waziwazi kwamba kuacha ndiko kunakopunguza kasi ya mapafu kuharibika kuliko dawa yoyote atakayoniandikia, kisha akaniuliza ninahitaji msaada gani ili nisirudie. Maneno yalikuwa karibu yaleyale. Sijui tofauti niieleze vipi, lakini nilitoka mle ndani nikiwa bado mtu.

Tena wapo wengi wenye COPD ambao hawajawahi kugusa sigara: waliopikia kuni katika vyumba visivyopitisha hewa, waliofanya kazi kwenye vumbi la migodi, waliozaliwa na upungufu wa alfa-1 antitripsini, protini inayoyalinda mapafu. Nao hupokelewa kwa swali lilelile na huonekana waongo wakilijibu. Kwa ugonjwa wa tatu duniani kwa kuua watu, tunapokelewa kama wakosaji zaidi kuliko wagonjwa.

#10 Hesabu Kamili
Mvutaji Mstaafu, nakuunga mkono kwa hoja, ila kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021 COPD ilikuwa ya nne, ikiwa na vifo milioni 3.5 hivi. Ilikuwa ya tatu kabla UVIKO-19 haujaingia juu ya orodha. Kuhusu alfa-1 antitripsini, upungufu huo ulielezwa Sweden mwaka 1963, na Shirika hilo limependekeza kila mwenye COPD apimwe angalau mara moja. Ni kipimo cha damu tu. Waulize madaktari wenu kama walishawahi kukitaja.

#11 Kifua Mbele
Hesabu Kamili, siku ukilazwa utakuwa unawasahihisha wauguzi takwimu kupitia barakoa ya oksijeni.

#12 Hesabu Kamili
Nitaandika kwenye karatasi, ili nisipoteze pumzi.

#13 Ngazi ya Tatu
Niwarudishe kwenye mada. Ugonjwa wangu si COPD, ni ule wa mapafu kuota makovu bila chanzo kujulikana, unaoitwa IPF. Kwetu sisi, ndugu Pumzi Fupi, hoja yako inayumba, kwa sababu dawa za kupunguza kasi ya makovu zilizozoeleka kwa miaka mingi ni mbili, pirfenidoni na nintedanibu, ambazo zote ziliidhinishwa Marekani mwezi Oktoba mwaka 2014, na daktari asiyeufahamu ugonjwa huu atakusikiliza kifuani, asikie ule mkwaruzo wa chini ya mbavu, akutibu nimonia au moyo huku muda ukienda. Hapo Kifua Mbele ana haki.

Hata hivyo, aliyenigundua hakuwa bingwa. Alikuwa daktari kijana aliye mafunzoni. Nilikuwa nimeketi, kipima oksijeni kidoleni kikisoma asilimia 95, na mkubwa wake alikwisha kuandika kwamba oksijeni ni ya kawaida. Nilimwambia kwamba nikiketi sina shida, shida inaanza nikisimama. Akakiacha kile kipimo kidoleni mwangu, akasema "basi tutembee", tukatoka mlangoni na kuifuata korido, yeye pembeni yangu akitazama namba na si uso wangu. Tulipofika dirisha la mwisho ilisoma 86. Hakusema neno, alinishika kiwiko, akanirudisha kwenye kiti, akachukua kalamu na kukata kile kilichoandikwa. Rufaa ya kwenda kwa bingwa ilitoka siku hiyohiyo. Kwa hiyo mimi nasema daktari bora ni yule anayekupima pale penye tatizo, na tatizo la mapafu mara nyingi halipo kwenye kiti.

#14 Kifua Mbele
Pole sana, na hongera kwa kijana huyo.

#15 Mama Wawili
Ngazi ya Tatu, umenigusa. Mama ana kipima oksijeni nyumbani, kinasoma 94 mara nyingi, naye anatweta. Daktari mmoja alimwambia kwa kuwa namba ni nzuri basi kilichobaki ni wasiwasi, akampa dawa ya kumtuliza. Kuna uwezekano kwamba kifaa kinadanganya?

#16 Hesabu Kamili
Upo, na hasa kwa ngozi zetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha kipimo cha kidoleni na kile cha damu ya ateri kwa wagonjwa wa hospitali za Marekani. Katika wale ambao kidole kilisoma kati ya 92 na 96, waliokutwa na kiwango kilicho chini ya 88 kwenye damu walikuwa asilimia 3.6 kwa wagonjwa weupe na asilimia 11.7 kwa weusi. Kifaa kinatumia mwanga unaopita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi huathiri hesabu yake. Haina maana kwamba 94 ya mama ni ya uongo. Ina maana kwamba daktari anayeutupilia mbali mtweto kwa sababu ya namba hiyo peke yake ameegemea kitu kisichobeba uzito huo.

#17 Nesi Mstaafu
Naongezea machache. Vidole viwe na joto, kucha zisiwe na rangi, mkono utulie, na usome baada ya namba kutulia, si ile ya kwanza kuonekana. Halafu ampime akitembea, kama alivyosema Ngazi ya Tatu. Jambo jingine, dada Mama Wawili: kukosa pumzi bila oksijeni kushuka kupo kweli, wala si kuigiza. Mirija ikibana, hewa hunasa ndani, kifua kinakuwa kimejaa kabla hujavuta, na misuli ya kupumulia inafanya kazi ya punda. Wasiwasi nao upo, lakini huo mara nyingi huja nyuma ya kukosa pumzi, hauji mbele yake. Kuhusu hizo dawa za kutuliza, muulizeni daktari kwa makini, kwa sababu baadhi yake hupunguza msukumo wa kupumua, na kwa mwenye mapafu mabovu hilo si jambo dogo. Msiziache ghafla bila kumwona daktari.

#18 Daktari Kimya
Nimekuwa nikiufuatilia uzi huu bila kuandika, nami ni daktari wa magonjwa ya ndani. Nitaongeza sababu moja ambayo wenzangu hawapendi kuikiri. Tumefundishwa kuponya. COPD na magonjwa ya makovu hayaponi, na namba za kipimo cha kupuliza hazipandi sana hata tukifanya kila kitu kwa usahihi. Daktari anayepima kazi yake kwa namba hizo humwona mgonjwa wa namna hii akiingia, na moyoni anajiona ameshindwa kabla hamjasalimiana. Kwa hiyo hukwepa macho, huandika "endelea", na kulivuta faili la pili. Msomaji wa Usiku anasema ni muda, Mvutaji Mstaafu anasema ni lawama. Mimi nadhani chini ya vyote viwili kuna huku kukosa la kufanya.

Na la kufanya lipo. Namba ya kipimo cha kupuliza na jinsi mgonjwa anavyojisikia havifuatani sana. Ndiyo maana mwaka 2004 kilipendekezwa kipimo cha BODE, kinachojumlisha uzito wa mwili, kuziba kwa hewa, kiwango cha kukosa pumzi na umbali ambao mgonjwa anatembea kwa dakika sita, na kikabashiri uhai wa mgonjwa vizuri kuliko namba ya kupuliza peke yake. Mazoezi ya urekebishaji wa mapafu, ambayo kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 12, yamejaribiwa mno kiasi kwamba mapitio ya mwaka 2015 yalikusanya majaribio 65, na wagonjwa walitembea zaidi na kukosa pumzi kidogo kuliko wasioyafanya. Daktari anayekupeleka kwenye mazoezi hayo, au pasipokuwapo akakuelekeza namna ya kutembea kila siku kwa kiasi, amefanya zaidi ya anayekubadilishia inhela kila mara.

#19 Mvutaji Mstaafu
Daktari, asante kwa ukweli. Lakini mbona wengine katika taaluma yako, wenye elimu hiyohiyo na foleni hiyohiyo, hawakwepi macho? Kama sababu ingekuwa kukosa la kufanya, wote wangekwepa.

#20 Daktari Kimya
Swali zuri, na jibu nililonalo ni nusu. Niliowaona wakifanya vizuri ni wale wanaomwona mgonjwa huyohuyo kwa muda mrefu. Ukimwona mara moja, unaona mapafu yanayoharibika. Ukimwona kwa miaka, unaona mtu aliyekuwa akilazwa kila msimu wa mvua au baridi na sasa halazwi, ingawa namba zake ni zilezile.

#21 Pumzi Fupi
Ndicho nilichokuwa nikikisema katika bandiko langu la kwanza. Kubaki na mtu mmoja.

#22 Hesabu Kamili
Kuna ushahidi wa upande huo. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikusanya tafiti 22 kuhusu wagonjwa wanaobaki na daktari mmoja, na 18 kati yake zilionyesha vifo vichache zaidi. Lakini ndugu Pumzi Fupi, usishangilie upesi. Matokeo yalikuwa hivyo kwa madaktari wa kawaida na kwa mabingwa vilevile, kwa hiyo hayasemi uachane na bingwa wako. Tena hizo ni tafiti za kufuatilia tu. Huenda wagonjwa wenye nafuu ndio wanaoweza kubaki na daktari mmoja, na waliozidiwa ndio wanaorushwa huku na huku.

#23 Mtoto wa Mwisho
Baba yangu ana COPD, na daktari tunayemsifu ni yule aliyempa dawa za akiba: steroidi za vidonge na antibiotiki za kukaa nazo nyumbani, pamoja na karatasi inayoeleza azianze lini. Makohozi yakibadilika rangi na pumzi ikizidi kubana, hasubiri kliniki, anaanza. Daktari anayekuamini kiasi hicho ndiye daktari wa kusimama nawe.

#24 Daktari Kimya
Mtoto wa Mwisho, mpango huo ni mzuri, lakini una upande wa pili. Mwaka 2010 lilichapishwa jaribio kwa maveterani wa Marekani lililotumia mpango wa aina hiyo pamoja na mtu wa kuwapigia simu wagonjwa mara kwa mara, na waliolazwa au kukimbizwa kwenye chumba cha dharura wakapungua sana. Mwaka 2012 likachapishwa jingine, pia kwa maveterani wa Marekani, ambalo ilibidi lisimamishwe kabla ya wakati kwa sababu waliokuwa kwenye mpango walikufa 28, na wale wa huduma ya kawaida 10. Sababu haikupatikana hata baada ya kuchunguzwa. Kwa hiyo dawa za akiba bila mtu wa kumpigia simu, sizitoi. Karatasi iwe na namba ya mtu, na iandikwe wazi ni dalili gani zinamtaka aache vidonge na aende hospitali mara moja: kushindwa kumaliza sentensi, midomo kugeuka rangi, kusinzia kusiko kwa kawaida au kuchanganyikiwa.

#25 Mtoto wa Mwisho
Namba ipo, na hupokelewa. Nilidhani hilo ni jambo la kawaida, kumbe ndilo lenye uzito.

#26 Kifua Mbele
Tumefika mbali bila mtu kueleza namna ya kumwacha daktari asiyekufaa. Mimi sikumwacha yule mpole kwa ugomvi. Nilimwomba nakala za vipimo vyangu vyote, picha zenyewe na si maelezo yake tu, pamoja na orodha ya dawa nilizowahi kutumia na zile zilizonidhuru. Nilimwambia nataka maoni ya pili. Daktari asiyependa mgonjwa wake apate maoni ya pili amekuonyesha alivyo kwa bei nafuu. Yule wangu, na hili namsifia, aliandika rufaa mwenyewe na akaniombea heri.

#27 Ngazi ya Tatu
Nakala ni muhimu mno. Bingwa alipolinganisha picha yangu mpya na ya zamani, ndipo alipoona makovu yanakwenda kwa kasi gani. Bila ile ya zamani angeanza kuhesabu siku hiyo.

#28 Pumzi Fupi
Nina jambo ambalo sikuliandika mwanzoni. Juzi daktari wangu huyu ninayemsifu ametaja tiba shufaa. Nilinyamaza, yeye pia akanyamaza, nikatoka. Kwa anayelijua hilo, je, ni kuambiwa niage?

#29 Nesi Mstaafu
Hapana, mwanangu. Tiba shufaa ni kutibu dalili zinazokutesa wakati matibabu mengine yanaendelea, na inaweza kuanza mapema sana. Kwa kukosa pumzi huanza na mambo madogo: feni ndogo ya mkononi ikipuliza usoni, kuegemea mbele mikono ikiwa mezani, kutoa hewa polepole kwa midomo iliyobanwa, kupanga kazi za siku zisilundikane asubuhi. Baadaye, na kwa baadhi ya watu tu, huja mofini ya kiwango kidogo.

#30 Msomaji wa Usiku
Tena kuna utafiti wa mwaka 2010 ulioonyesha kwamba wagonjwa wa mapafu waliopata tiba shufaa mapema waliishi muda mrefu zaidi.

#31 Hesabu Kamili
Ulikuwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa, si COPD, na hauwezi kuhamishwa moja kwa moja. Vilevile mofini ya kiwango kidogo kwa COPD haina msimamo mmoja: jaribio la mwaka 2022 halikuona tofauti ya maana katika kukosa pumzi. Wapo madaktari wanaoitumia kwa wachache na kuona nafuu, wapo wasioitumia kabisa.

#32 Daktari Kimya
Kwa uzoefu wangu, daktari anayeitaja tiba shufaa mapema ni yule asiyetaka kukuzungumzia habari hizo kwa mara ya kwanza ukiwa tayari chumba cha dharura. Rudi umuulize ana maana gani hasa. Kama alinyamaza, huenda alikuwa anakungoja wewe.

#33 Kifua Mbele
Au hakujua aseme nini baada ya hapo, jambo ambalo bingwa wa tiba shufaa angelijua. Nasema tu.

#34 Pumzi Fupi
Kifua Mbele, wewe hata mbinguni utaomba rufaa. Nimeandika maswali matatu, nitamuuliza nikirudi.

#35 Mama Wawili
Asanteni nyote. Mama amepangiwa kipimo cha kupuliza, kwa mara ya kwanza tangu apone kifua kikuu. Kuna maandalizi yoyote?

#36 Nesi Mstaafu
Muulizeni mapema aache inhela zipi na kwa saa ngapi kabla ya kipimo, kwa kuwa kila aina ina muda wake. Asivae kinachombana kifua wala tumbo, na asile kupita kiasi kabla. Atapuliza kwa nguvu zote na kuendelea, ikiwezekana, kwa sekunde 6 au zaidi, na atarudia angalau mara tatu. Akichoka waambie apumzike. Kisha atapewa dawa ya kufungua mirija na kurudia. Kama hewa ya sekunde ya kwanza, ikigawanywa kwa hewa yote aliyotoa, bado iko chini ya 0.70 baada ya dawa, njia za hewa zimeziba.

#37 Hesabu Kamili
Na kwa kuwa ni mtu mzima sana, mkumbushe daktari kwamba 0.70 huwapa baadhi ya wazee ugonjwa wasio nao, kwa sababu uwiano huo hushuka wenyewe kwa umri. Wapo wanaotaka ulinganishwe na watu wa umri wake.

#38 Kifua Mbele
Ikirudi karatasi, yeyote atakayeisoma, itumeni na kwa bingwa pia.